Nina PCOS, napunguza mwili, lakini njaa haiishi. Wenzangu mnaishije nayo?

MwalimuKihonda

Habarini wakuu, hasa dada zangu.

Nina miaka 31, nafundisha shule ya msingi hapa Morogoro. Mwaka jana nilikaa miezi mitano bila kuona siku zangu, nikipima mimba hamna kitu. Nikapigwa ultrasaundi na kuchukuliwa damu. Majibu: PCOS, yaani mvurugiko wa homoni kwa wanawake: ovari zina vifuko vidogo vidogo, homoni za kiume ziko juu, na sukari ya asubuhi kabla ya kula ilisoma 6.0. Nikaambiwa mwili wangu umekuwa sugu kwa insulini. Shingo yangu kwa nyuma ilianza kuwa nyeusi tangu nipo chuo, nikawa naisugua kwa dodoki nikidhani ni taka. Hakuna aliyewahi kuniambia ile ni dalili.

Nilipouliza nifanye nini, jibu lilikuwa "punguza kula, kilo zikishuka utakuwa sawa." Maelezo yakaishia hapo. Basi nikapunguza kweli. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi chai ya rangi bila sukari na silesi moja ya mkate. Mchana wali kikombe kimoja na mchicha. Usiku matunda tu, tikiti au papai.

Ikifika saa nne mikono inatetemeka nikiwa nimeshika chaki. Kichwa kinakuwa chepesi, tumbo linakata, nawafokea watoto wa watu ambao hawajanikosea kitu. Jioni nikifika nyumbani nakula nimesimama jikoni kabla sijavua hata viatu. Saa nane usiku naamka, naenda kula ukoko wa wali. Mwezi wa kwanza nilipunguza kilo tatu, miezi miwili iliyofuata nikarudisha nne.

Naomba mnielewe, siongelei hamu ya vitu vitamu. Ninayoongelea ni njaa, kama ya mtu aliyelima siku nzima. Mume wangu ananionea huruma, mama mkwe anasema najitesa. Kuna mwenye hali kama yangu aliyeweza kutulia? Mlifanyaje?

---

ChausikuTanga

Pole sana mwalimu. Nimesoma hiyo ya kula umesimama jikoni nikajiona mimi wa mwaka 2019. Nina PCOS mwaka wa saba sasa. Ngoja nimalize kazi nirudi, nina mengi ya kukuambia kuhusu hiyo silesi ya mkate.

---

Nesi_ZamuYaUsiku

Mwalimu, kwanza ondoa wazo kwamba huna nidhamu. Mtu aliyevumilia miezi mitatu kwa chakula hicho ana nidhamu kuliko wengi.

Nieleze kinachotokea, kwa sababu ukikijua utaacha kujilaumu. Ukila wanga unageuka sukari, sukari inaingia kwenye damu, kongosho linatoa insulini. Kazi ya insulini ni kupiga hodi kwenye seli ili sukari ikaribishwe ndani. Kwa mwenye usugu wa insulini, hodi ya kwanza haisikiki, ya pili haisikiki. Kongosho linaongeza wapiga hodi mpaka mlango ufunguke. Sasa insulini imeshakuwa nyingi kuliko chakula chenyewe. Kwa baadhi ya watu sukari inashuka kwa kasi saa mbili hadi nne baada ya kula, na ubongo ukiona mteremko huo unapiga kelele: leta chakula. Hesabu mwenyewe. Umekula saa kumi na mbili na nusu, unatetemeka saa nne.

Na hili halipo kwa wagonjwa peke yao. Mwaka 2021 watafiti wa London walichapisha kazi waliyoifanya kwa watu zaidi ya elfu moja wasio na kisukari, wamevalishwa vipima sukari mwilini. Wale ambao sukari yao ilishuka sana saa mbili hadi tatu baada ya kula walihisi njaa mapema na wakaishia kula kama kalori 300 zaidi kwa siku kuliko wenzao. Mkate na chai ya rangi ndiyo aina ya mlo unaoleta mteremko huo, kwa sababu hakuna cha kuizuia ile sukari isiingie kwa mkupuo.

Kuhusu 6.0: kisukari kinahesabiwa kuanzia 7.0 kabla ya kula, kwa hiyo hujafika huko. Lakini Wamarekani wanahesabu 5.6 hadi 6.9 kuwa ni kabla ya kisukari, na WHO wanaanzia 6.1. Upo mlangoni. Rudi uombe kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa tena baada ya saa mbili. Kwa wenye PCOS ndicho kipimo kinachopendekezwa, maana sukari ya asubuhi peke yake inaweza kuficha tatizo. Ikisoma 7.8 au zaidi baada ya saa mbili, kuna jambo la kushughulikia.

---

KakaMazoezi_Dom

Mimi naomba nitofautiane kidogo. Njaa nyingi ni ya akili. Mimi nafunga saa 16 kila siku, nakula ndani ya saa nane tu, mwezi wa kwanza ni mgumu halafu unazoea. Nimepungua kilo 11. Mwalimu avumilie tu, asikate tamaa.

---

Nesi_ZamuYaUsiku

Kaka, hongera kwa kilo 11. Lakini mwili wako na wa mwalimu havifanani, na hata mwili wenye afya haunyamazi ukinyimwa.

Wakati Vita Kuu ya Pili inaelekea ukingoni, Marekani, Minnesota, vijana wa kiume 36 walijitolea kufanyiwa utafiti wa njaa. Wazima wa afya, waliochaguliwa kwa uthabiti wa akili. Waliishi miezi sita kwa kalori takriban 1,600 kwa siku. Wakaanza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi usiku, kulamba sahani, kugombana kwa mambo madogo. Wengine walipopewa ruhusa ya kula wakala wasishibe kwa wiki nyingi. Sasa linganisha na chakula cha mwalimu alichokitaja hapo juu. Silesi moja, kikombe cha wali na papai haifiki hata hiyo 1,600.

Kula ndani ya saa chache kunawafaa wengine, hata wenye PCOS wapo wanaokufurahia. Ila mtu anayetetemeka saa nne na kuamka saa nane usiku kula ukoko asianzie hapo.

---

KakaMazoezi_Dom

Nimekuelewa nesi. Sikujua kuhusu kutetemeka, nilisoma haraka. Mwalimu nisamehe, nipo hapa kujifunza.

---

ChausikuTanga

Nimerudi.

Mwalimu, badilisha asubuhi yako kabla hujagusa kitu kingine. Usihangaike na mchana wala usiku kwanza. Mimi nilipambana na chakula cha usiku miaka miwili bure, kumbe usiku wangu ulikuwa unaharibika saa moja asubuhi.

Huku kwetu asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Nilikuwa nakula mahamri matatu na mbaazi za kuchovyea. Sasa nimegeuza: bakuli la mbaazi, hamri moja. Siku nyingine mayai mawili ya kuchemsha na kipande cha muhogo, au kiporo cha maharage ya jana na parachichi nusu. Siku nina hela, supu ya samaki na ndimu, bila chapati. Chai nakunywa, ya maziwa, bila sukari. Wiki ya kwanza ilikuwa na ladha ya adhabu, wiki ya tatu nikazoea.

Siku ya kwanza kula hivyo nilishtuka saa nane mchana. Saa nne ilipita sikuiona. Nililia, sikufichi. Miaka yote nilidhani mimi ni mlafi.

Na usile kidogo asubuhi hiyo. Hapo ndipo wengi tunakosea, tunaogopa. Kula ushibe. Utapunguza baadaye na hutasikia.

---

Nyakato_BK

Na sisi wa ndizi je? Asubuhi bila katogo siwezi kwenda shamba.

---

Lishe_Iringa

Nyakato, katogo yako ina maharage ndani, wewe uko mbele yetu. Ongeza maharage, punguza ndizi, basi.

Mwalimu, nimefanya kazi ya lishe vijijini miaka kumi na kidogo. Watu wanauliza "nile nini nisinenepe", wakati swali lako wewe ni nini kinakaa tumboni. Mwaka 1995 Sydney, Australia, walipima vyakula 38. Kila mtu alipewa kiasi chenye kalori 240 za chakula kimoja, kisha akaulizwa kila baada ya muda ameshiba kiasi gani. Kilichoshibisha kuliko vyote ni viazi mviringo vya kuchemsha, zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Samaki alikuwa juu pia. Vya mwisho ni keki na vitafunwa vya mafuta na sukari vya aina hiyo.

Sasa wenzangu wasikimbilie kusema viazi ni dawa. Viazi vinapandisha sukari, na mwenye usugu wa insulini asivile peke yake sahani nzima. Ila viazi viwili vya kuchemsha na maganda yake, pamoja na dagaa na kabichi, vinakutoa mbali. Viazi hivyohivyo ukivifanya chipsi umeshabadilisha habari yote. Wenye PCOS wengi niliowaona wamekata viazi kabisa lakini wanakula maandazi "mawili tu, madogo." Inaniuma.

Vitu vitatu vinavyokaa tumboni kwenye jiko letu: protini, nyuzinyuzi, na ujazo wa maji uliomo kwenye chakula chenyewe. Yai moja lina protini gramu 6 hivi. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina karibu 15, na nyuzinyuzi juu yake. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na bei yao mwalimu anaijua. Mlenda, bamia, matembele, kisamvu, hivi ndivyo vya kujaza sahani. Ugali wa dona badala ya sembe unasaidia, ila dona nayo ni wanga, usiuchote mlima kwa kuwa ni dona.

Na matunda ya usiku uliyoandika, tikiti na papai peke yake, huenda ndiyo yanayokuamsha saa nane. Hayana protini hata ya kutajika. Kula tunda baada ya chakula, lisiwe ndicho chakula.

---

BabaPacha

Samahanini nimeingia jukwaa la kina mama, lakini kuna jambo la hatari sijaona limesemwa.

Mimi nina kisukari aina ya pili, nilikuwa natumia gliklazidi. Nikasoma mtandaoni kwamba nikiacha wanga nitapona. Nikaacha ugali, nikaacha wali, dawa nikameza kama kawaida. Siku ya nne nipo kwenye daladala nikaanza kutoka jasho jembamba, macho yanaona ukungu, njaa ya ajabu, nikawa nashindwa hata kumwambia konda nashuka wapi. Abiria wakadhani nimelewa. Mama mmoja mwenye ndugu mgonjwa ndiye aliyenipa soda. Nilipopimwa baadaye, pamoja na soda hiyo, bado nilikuwa 3.4.

Kwa hiyo kwa yeyote anayetumia insulini, gliklazidi au glibenklamidi: njaa ya ghafla yenye jasho na kutetemeka usiivumilie, na usiifanye mtihani wa imani. Pima. Ikiwa chini ya 3.9, au huna mashine na dalili ziko wazi, kula sukari gramu 15, yaani vijiko vya chai vitatu hadi vinne vimekorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Subiri dakika 15, pima tena, halafu kula chakula kamili. Na usibadilishe mlo kwa kiasi kikubwa kabla daktari hajaangalia dozi yako. Mimi yangu ilipunguzwa nusu baada ya tukio lile.

---

MwalimuKihonda

Baba Pacha asante, umeniogopesha ila umenisaidia. Mimi situmii dawa yoyote kwa sasa. Daktari alitaja metformini, dawa ya sukari, akasema tusubiri. Hiyo nayo inashusha hivyo?

---

Wanjiku_Thika

Mwalimu, metformini ikiwa peke yake ni nadra sana kukushusha sukari hivyo, haifanyi kazi kama hizo za Baba Pacha. Mimi niko nayo mwaka wa tatu. Nilianza miligramu 500 na chakula cha jioni, tukaongeza polepole. Wiki mbili za kwanza tumbo lilinisumbua mbaya, kuendesha na kichefuchefu. Kama ungekuwa umeniuliza siku ya tano ningekwambia nimeacha. Kunywa katikati ya chakula, si kabla. Kuna zile za kutolewa polepole mwilini, zinasumbua kidogo, uliza kama zinapatikana.

Njaa yangu ilipungua, siwezi kudanganya. Haikuisha, ilipungua. Ile ya kuamka usiku ndiyo ilipotea kwanza.

Mambo mawili sikuambiwa nikayajua baadaye. Moja, ukiitumia miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, kwa hivyo upimwe mara moja moja, hasa ukisikia ganzi miguuni. Mbili, inaweza kurudisha upevushaji wa mayai kabla hata siku zako hazijakaa sawa. Mimi nilikuwa nimeshajiambia sizai tena, sikuwa najikinga. Kijana wangu ana mwaka na miezi minne. Ni baraka, lakini haikuwa mpango, na kazi niliyokuwa naanza ilibidi ingoje.

Chakula: githeri. Nyinyi mnaita makande. Mahindi kidogo, maharagwe mengi, karoti na sukuma ndani. Napika Jumapili, nagawa kwa vikopo, napeleka kazini. Ndengu pia. Na omena, dagaa wenu, nikiwa na nguvu ya kuvumilia wenzangu ofisini wakilalamika harufu.

---

TibaAsili_Homoni

Dada zangu msiteseke, tuna unga wa mimea unaosafisha kizazi na kusawazisha homoni, njaa inakata kabisa siku saba. Nicheki inbox.

---

Nesi_ZamuYaUsiku

Msimtumie hela. Hakuna unga unaosafisha ovari, na vifuko vinavyoonekana kwenye picha si uchafu, vina mayai ambayo hayakukomaa wala kutoka. Unga usiojulikana una nini ndani nimeuona ukileta watu wodini, ini limechoka. Na ile ya asali na mdalasini kila asubuhi inayosambazwa kwenye magrupu, asali ni sukari, kongosho halijui kwamba imetoka kwa nyuki.

---

BintiSingida

Niulize kitu cha aibu kidogo. Mimi PCOS yangu siku zikija zinakuja wiki mbili, nyingi. Njaa yangu mimi ni ya udongo. Ule wa kuuzwa sokoni, pemba. Nakula mpaka vipande kumi kwa siku. Nikipunguza chakula ndiyo inazidi. Hii nayo ni insulini?

---

Nesi_ZamuYaUsiku

Mdogo wangu, wala si aibu, na umefanya vizuri kuuliza. Hamu ya udongo, barafu au mchele mbichi mara nyingi inaendana na upungufu wa madini ya chuma, na wewe unatoka damu wiki mbili. Nenda kapime wingi wa damu wiki hii. Ukitibiwa damu ikapanda, hamu hiyo kwa wengi huondoka yenyewe. Na udongo wenyewe unaweza kuzuia chuma kisifyonzwe na kukuletea minyoo. Usisubiri.

Niongeze kwa wote, maana si kila njaa ni PCOS. Njaa kali huku unakonda bila kutaka, kiu, mkojo mwingi: kapime sukari leo, hasa kwa watoto na vijana. Njaa na kukonda na moyo kwenda mbio na joto: tezi ya shingo. Njaa iliyoanza baada ya kuanza prednisoloni: ni dawa hiyo, ongea na daktari, usiiache ghafla. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu nayo inajulikana kuongeza uzito kwa baadhi ya wanawake, mwambie mhudumu kama unaona mabadiliko, njia nyingine zipo.

---

MwalimuKihonda

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Nimeanza na asubuhi kama alivyosema dada Chausiku. Swali langu sasa ni nyumbani. Tunakaa na mama mkwe, yeye ndiye mpishi mkuu. Tunakula sinia moja. Nikisema sitaki wali anaona nimemkataa yeye. Juzi aliniuliza kama nataka kukonda watu wa ukoo waseme mwanawe hanitunzi.

---

ShangaziLulu

Mwanangu, hapo usipigane na mama yako mkwe, na usimwambie habari za kalori. Mwite mkae wawili, mwambie "mama, daktari ameona sukari yangu inapanda, nisaidie nisije nikaumwa kisukari." Sisi watu wazima kisukari tunakijua, tumekizikia ndugu. Ukisema unapunguza mwili anasikia urembo, ukisema kisukari anasikia mtoto wake. Kesho yake utaona mwenyewe anakuchambulia mchicha.

Mimi mkwe wangu nilimtengea mboga yake kabla sijatia mafuta mengi. Hakuniomba, nilijitolea baada ya kuelezwa.

Na kwenye sinia, anza na mboga na samaki. Wali usiukatae, ufikie mwisho. Hakuna atakayekuona.

---

Fatma_Maskati

Shangazi amesema kitu ambacho kina ushahidi pia. Mwaka 2015 kule New York walijaribu kwa wagonjwa wachache wa kisukari, chakula kilekile kwa siku mbili tofauti. Siku waliyoanza na mboga na nyama, wakala wanga mwisho, sukari yao haikupanda sana kama siku waliyoanza na mkate. Walikuwa watu 11 tu, lakini mimi nimejipima kwa mashine yangu na kwangu ni kweli.

Mimi niko Oman, asili yetu Unguja, nina PCOS na mzani umenisumbua tangu kuolewa. Ramadhani ndiyo iliyonifundisha. Zamani daku yangu ilikuwa chai ya maziwa yenye sukari na mkate wa kumimina. Saa tatu asubuhi nimeshakwisha, na siku bado ndefu. Sasa daku nakula mayai, mtindi, matango, na harisi ya ngano na nyama bakuli dogo. Mchana unafika nina akili zangu. Futari tende mbili au tatu na maji, supu ya kunde, kisha naenda kuswali Magharibi. Nikirudi mezani ile njaa ya kutaka kumeza nyumba imeshatulia, na sambusa naiona kama sambusa.

Wanaotumia dawa alizotaja Baba Pacha wamuone daktari kabla ya mwezi kuandama, dozi na saa zake lazima zipangwe upya.

---

Mkuyuni_Mwanza

Nimeweka kambi hapa. Swali kwa nesi: mimi kazi yangu ni zamu, nikitoka usiku nina njaa isiyozimika siku nzima hata nikila vizuri. Kwa nini?

---

Nesi_ZamuYaUsiku

Kwa sababu hujalala. Nami nakujibu kama mtu wa zamu. Mwaka 2004 Chicago waliwalaza vijana 12 saa nne tu kwa usiku mbili. Homoni ya njaa ikapanda asilimia 28, homoni ya shibe ikashuka asilimia 18, na walichotamani zaidi ni wanga na vitu vitamu. Usiku mbili tu.

Mimi nikitoka zamu nakula kabla sijalala, mtindi na karanga au mayai, nafunga pazia, simu naiacha sebuleni. Nisipofanya hivyo najua jioni nitakutwa kwenye maandazi. Wenye PCOS wanaokoroma na kuamka wamechoka wakaangaliwe pia, kuziba pumzi usingizini kunawapata zaidi kuliko wanawake wengine.

---

MwalimuKihonda

Mrejesho, wiki ya sita.

Nilinunua daftari la kurasa 48, nikawa naandika saa ya njaa na nilichokula kabla yake. Wiki mbili za kwanza sikujipima uzito, Chausiku alinikataza.

Asubuhi sasa ni mayai mawili na maharage ya jana, au mtindi usio na sukari na karanga kiganja kimoja siku nikichelewa. Kwa wiki sita nimetetemeka mara mbili tu, na zote mbili daftari linasema nilikunywa uji mtupu kwa sababu sikuwa na muda. Chai ya saa nne ya ofisini nakunywa na wenzangu, andazi nampa mlinzi. Mchana nimeongea na mama anayepika shuleni. Makande ya watoto yana mahindi mengi, kwa hiyo ananichotea ya chini ya sufuria ambako maharage yamezama, na nabeba kachumbari na parachichi kutoka nyumbani.

Mama mkwe nilimwambia kama shangazi alivyonielekeza. Alinyamaza muda mrefu. Kumbe dada yake alikatwa mguu kwa kisukari, na mume wangu hakuwahi kuniambia. Siku hizi yeye ndiye ananiuliza kama nimekula protini, analitamka "plotini", nampenda bure.

Nimegundua njaa zangu ziko za aina mbili. Ile ya kutetemeka, ambayo inatokana na mlo uliotangulia, dawa yake ni kurekebisha mlo huo. Na ile ya saa kumi na moja jioni, ambayo ni njaa ya haki kabisa, mtu nimesimama siku nzima. Nilikuwa naipigania bila sababu. Sasa nikiingia mlangoni kuna yai au kikombe cha mbaazi kimeshatengwa, nakaa chini, nakula, halafu ndiyo napika.

Kipimo cha glukosi nilirudi nikafanya: baada ya saa mbili 8.6. Daktari mwingine, tofauti na wa mwanzo, amenianzishia metformini na kunieleza kila kitu, na akaniuliza kuhusu kujikinga kama alivyosema Wanjiku. Kilo nimepunguza mbili na nusu. Amesema nikipunguza asilimia tano ya uzito wangu wa mwanzo, kwangu ni kilo nne na nusu, siku zangu zinaweza kuanza kurudi zenyewe.

Kuamka usiku bado. Si kila siku, mara mbili kwa wiki.

---

ChausikuTanga

Mwalimu umenifurahisha mpaka nimemsomea mama yangu. Hizo usiku mbili za kuamka, angalia daftari: zinaangukia siku gani?

---

MwalimuKihonda

Nimeangalia. Jumatano na Ijumaa. Ndizo siku nina masomo ya ziada, nafika nyumbani saa moja na nusu, nakula ndizi mbivu njiani stendi.

---

ChausikuTanga

Basi umeshapata. Jumatano hii weka mayai kwenye mkoba.

---

BintiSingida

Na mimi nimepima. Wingi wa damu ni 7.9. Nimepewa vidonge vya chuma na miadi ya daktari wa kina mama tarehe 14. Udongo jana nimekula vipande vitatu. Asanteni.